Maji ya Chai na Meno ya Kahawia

Ukitoka Moshi kwa basi kwenda Arusha, ukishapita Kikatiti, kondakta hugonga bodi la gari na kuita, "Maji ya Chai! Wa Maji ya Chai sogea mlangoni!" Jina la kituo limetokana na mto unaoteremka kutoka Mlima Meru, ambao maji yake yanafanana na chai ya rangi. Mgeni akiyaona kwa mara ya kwanza huingiwa na wasiwasi kwa ajili ya rangi hiyo, wakati rangi si kitu. Kilichoacha alama kwenye meno ya vizazi kadhaa vya watu wa pale hakionekani, hakinuki, na hata ukiyaonja maji hutakitambua. Ni madini ya floraidi.

Nilisoma bweni na vijana kadhaa wa vijiji vya kando ya mlima huo. Mmoja wao alikuwa mcheshi kuliko wote chumbani, lakini alikuwa na mazoea ya kucheka huku kiganja kimeziba mdomo. Siku ya kupiga picha ya kumaliza kidato cha nne alibana midomo kama aliyeshonwa. Meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia, na mawili yalikuwa na vishimo vidogovidogo. Kila alfajiri aliyasugua kwa mkaa uliosagwa na chumvi, mpaka fizi zinatoka damu. Mwalimu mmoja aliwahi kumwambia mbele ya darasa zima aache uchafu, apige mswaki. Na huyo ndiye aliyekuwa akipiga mswaki kutushinda wote. Mimi niliyetoka Tanga, mwenye meno meupe ya kuonyesha kwenye picha, nilikuwa nimeshang'olewa magego mawili yaliyooza kabla sijafika kidato cha pili.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa wagonjwa wa kitu kimoja. Mwenzangu kilimzidi utotoni, mimi kilinipungua. Na hapo ndipo mjadala wa floraidi unapowachanganya watu wetu. Kwenye simu zinasambaa sauti za kuonya kwamba dawa ya meno ina sumu. Kwenye boksi la dawa hiyohiyo imeandikwa kwamba ina floraidi ya kuimarisha meno. Na huko Arumeru, Nakuru na Singida kuna wazee waliopinda migongo kwa kunywa maji ya kisima. Kila upande una chembe ya ukweli. Kinachokosekana ni kipimo, na njia ambayo floraidi imeingilia mwilini.

Tuanze na jino. Tabaka lake la nje, wanaloliita enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, na limejengwa kwa fuwele za kalsiamu na fosfati. Ugumu huo una adui mmoja, nayo ni asidi. Kila tunapokula kitu chenye sukari au wanga, iwe chai yenye vijiko vinne au biskuti, bakteria waliojibandika juu ya jino hula pamoja nasi na kutoa asidi. Asidi hiyo ikizidi kiwango fulani (wakemia wanasema pH ikishuka chini ya 5.5) enameli huanza kuyeyuka kidogokidogo. Baadaye mate huja kutuliza hali na kurudisha kalsiamu mahali pake. Siku nzima jino liko katika mvutano huo wa kubomolewa na kukarabatiwa. Floraidi ikiwepo mdomoni, hata kwa kiasi kidogo mno, huingia kwenye ule ukarabati na kuunda fuwele mpya ambayo huvumilia asidi mpaka pH ya 4.5 hivi. Jino hupata ukuta mpya ulio imara kuliko ule wa zamani.

Angalia vizuri kazi hiyo inafanyikia wapi: juu ya jino, ndani ya mate, baada ya jino kuota. Kwa miongo mingi wataalamu waliamini kwamba faida kubwa hutokana na floraidi inayomezwa utotoni, ikapita kwenye damu na kulijenga jino likiwa bado ndani ya taya. Siku hizi wengi wanakubaliana kwamba faida kubwa inatokana na kugusana tu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Inayolisaidia jino hasa ni ile inayopita mdomoni. Inayomezwa, sehemu yake kubwa ina safari nyingine.

Jinsi binadamu walivyoijua siri hii ni hadithi inayofanana sana na ya Meru. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alihamia Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Hapakuwa na kitabu kilichoueleza ugonjwa ule. Wenyeji walikuwa na maelezo yao: wengine walisema ni kwa sababu ya kula sana nguruwe, wengine walilaumu maziwa mabovu. McKay alihangaika na jambo hilo kwa miaka thelathini, na katikati ya mahangaiko hayo aligundua kitu cha ajabu, kwamba yale meno mabaya kwa sura yalikuwa magumu kuoza. Jibu lilipatikana mwaka 1931 kutoka kwa mtu ambaye hakuwa daktari. H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya alumini ya Alcoa, alikuwa na wasiwasi kwamba sufuria za kampuni yake zingesingiziwa. Akapima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, ambako watoto walikuwa na madoa yaleyale, akakuta floraidi nyingi kuliko alivyotarajia.

Baada ya hapo H. Trendley Dean, daktari wa meno wa serikali ya Marekani, alizunguka miji mingi akilinganisha maji na meno ya watoto. Alichokuwa akikitafuta ni kiwango ambacho meno hayaozi sana na wala hayaharibiki rangi, na alikipata karibu na miligramu 1 kwa lita. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi kwenye maji ya bomba kwa makusudi, na watoto waliozaliwa baada ya hapo walipungukiwa na meno mabovu kwa zaidi ya asilimia 60. Miji mingine mingi ikafuata.

Mafanikio hayo hayakuendelea kuwa makubwa vilevile. Dawa ya meno yenye floraidi ilipoenea katika nchi tajiri kuanzia miaka ya 1970, faida ya kuongeza floraidi kwenye maji ilipungua sana. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2024 yaliona kwamba katika tafiti za baada ya mwaka 1975, watoto wa miji yenye maji ya namna hiyo walikuwa na upungufu wa kama robo tu ya jino bovu kwa kila mtoto. Sishangai. Kama kazi inafanyika kwa kugusa, basi mwenye mswaki na dawa anaigusisha floraidi na meno yake mara mbili kwa siku, na maji hayana mengi ya kuongeza.

Kwa hiyo, kuhusu dawa ya meno nina hukumu nyepesi: itumike. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, na halikukosea. Dawa yenye floraidi ya kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni inatosha kwa mtu mzima na kwa mtoto pia, ila kwa mtoto kinachopunguzwa ni kiasi kinachowekwa kwenye mswaki. Asiyefika miaka mitatu apakwe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Yale matangazo yenye dawa iliyojaa mswaki kutoka mwanzo hadi mwisho yanauza dawa, hayafundishi kitu. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji mengi, maana utakuwa umeiosha ileile uliyoinunua. Na mtoto asiachiwe kuilamba kwa sababu ina ladha ya stroberi.

Sasa tuhamie kwenye ile inayomezwa. Floraidi ikishapita tumboni na kuingia kwenye damu, hutafuta kalsiamu. Sehemu moja hutolewa na figo kwenye mkojo. Iliyobaki, karibu asilimia 99 yake, huishia kwenye mifupa na meno. Mtu mzima mwenye figo nzuri huweza kutoa kama nusu ya alichokunywa. Mtoto, kwa kuwa mifupa yake inakua na ina njaa ya madini, huhifadhi kiasi kikubwa zaidi. Kwa mwenye ugonjwa wa figo nako hulundikana.

Jino hupata madhara ya floraidi hiyo katika dirisha moja tu la maisha, pale linapotengenezwa ndani ya taya, kuanzia kuzaliwa hadi kama miaka minane. Kwa meno ya mbele, yale yanayoonekana mtu anapocheka, miaka mitatu ya mwanzo ndiyo ya hatari zaidi. Floraidi ikizidi wakati huo, enameli hutoka na matundu madogo ndani yake. Jino huchomoza likiwa na weupe wa chokaa, kisha rangi ya vyakula na vinywaji hujipenyeza polepole mpaka likawa la kahawia. Ndiyo maana mkaa na chumvi ya rafiki yangu havikufua dafu: doa lilikuwa ndani ya jino. Na ndiyo maana mtu mzima akihamia Arusha leo meno yake hayatabadilika rangi hata akiishi huko miaka hamsini, wakati mwanawe atakayezaliwa huko anaweza kupata madoa. Floraidi kidogo iliyozidi hulifanya jino kuwa na madoa lakini imara. Ikizidi sana, enameli humomonyoka, vishimo hukamata mabaki ya chakula, na jino linarudi kuoza vilevile.

Mfupa hauna dirisha. Unapokea maisha yote. Floraidi huzichochea seli zinazojenga mfupa, na mfupa unanenepa. Kwa picha ya eksirei unaonekana mzito, mweupe, wa kutamanika. Kwa sababu hiyo kulikuwa na wakati madaktari walidhani wamepata dawa ya mifupa dhaifu ya wanawake waliokoma hedhi. Matokeo ya jaribio kubwa la Mayo Clinic yalichapishwa mwaka 1990: wanawake 202 walifuatiliwa kwa miaka minne, nusu wakipewa miligramu 75 za floraidi ya sodiamu kila siku. Uzito wa mifupa ya uti wa mgongo chini kiunoni uliongezeka kwa asilimia 35. Kuvunjika kwa uti wa mgongo hakukupungua kwa kiasi cha kuaminika, na mifupa mingine ilivunjika mara tatu zaidi ya kwa wale waliopewa vidonge bandia. Mfupa ulikuwa mnene na wakati huohuo mwepesi kuvunjika. Tangu nilipoyasoma matokeo hayo siamini tena mtu anayeniambia kwamba kitu fulani "kinaongeza madini ya mfupa" bila kunieleza mfupa huo una nguvu gani.

Kiwango kikipanda zaidi na miaka ikipita, hata mishipa inayounganisha mifupa huanza kugeuka mfupa. Kaj Roholm wa Denmark aliuandikia kitabu ugonjwa huu mwaka 1937 baada ya kuwachunguza wafanyakazi wa kiwanda cha Copenhagen waliovuta vumbi la madini yenye floraidi, na katika mwaka huohuo madaktari wa India walikuwa wakiueleza kwa wanavijiji wa Nellore waliokunywa maji ya visima tu. Kwetu mwanzo wake hausikiki kama ugonjwa mpya. Mtu analalamika viungo, asubuhi mgongo haukunjuki, magoti yanauma. Nyumbani wanasema ni baridi yabisi, anasuguliwa dawa ya kuchua, anaambiwa umri umekwenda. Kwenye vijiji vya India wapimaji wamekuwa wakitumia kipimo kisichohitaji mashine: weka sarafu chini, mwambie mgonjwa aiokote bila kukunja magoti, mwambie aguse kifua kwa kidevu, mwambie aweke mikono nyuma ya kisogo. Mwenye ugonjwa uliokomaa hushindwa, kwa kuwa mgongo wake umekuwa kama gogo. Watoto wenye lishe duni, hasa wasiopata kalsiamu ya kutosha, wanaweza kupata matege. Watu wa Arumeru wamezizoea picha hizo.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Kati ya 3 na 6, kwa matumizi ya muda mrefu, mifupa huanza kuonyesha dalili. Zaidi ya 10 ndipo wanapopatikana vilema. Hizo ni namba za kukaa nazo kichwani tunaporudi nyumbani, kwa sababu Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkeno yenye floraidi, na maji yake yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha, ingeikamata floraidi na kuituliza chini kama jiwe. Haipo, kwa hiyo floraidi inabaki ikiogelea. Ziwa Nakuru limewahi kupimwa likakutwa na miligramu 2,800 kwa lita, na Elmentaita 1,640. Hakuna anywaye maji ya maziwa hayo ya magadi, ila yanaonyesha ardhi ya eneo lile imebeba nini. Kutoka Ethiopia, ambako wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Wonji waliumia mifupa kwa maji ya visima, mstari unashuka kupitia Nakuru, Naivasha, Meru na Manyara. Visima vya Singida, Shinyanga na sehemu za Mwanza navyo vimo, ingawa huko miamba mingi ni ya matale. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta kama asilimia 41 ya watoto wana dalili za floraidi kwenye meno.

Kuna namba moja ambayo kila nikiikumbuka huniumiza. Mwaka 1974 Tanzania iliweka viwango vya muda vya maji ya vijijini, na kwa floraidi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita. Nane! Mtu anayelima juani na kunywa lita tatu alikuwa anaruhusiwa kumeza miligramu 24 kwa siku, wakati Wamarekani huhesabu 10 kuwa kikomo cha juu cha mtu mzima. Ni rahisi kuwacheka waliopanga. Lakini jiweke mahali pao: serikali imeahidi maji kila kijiji, kisima kimechimbwa, maji safi hayana kipindupindu, na chanzo kingine kiko mwendo wa saa tatu kwa mguu. Ukiweka 1.5 unakifunga kisima na kumrudisha mama kwenye dimbwi. Kuhara kunaua mtoto wiki hii. Floraidi inamlemaza akiwa na miaka arobaini. Namba nane ilitokana na uhaba, haikutokana na elimu ya mifupa. Baadaye ilishushwa hadi 4, ambayo ndiyo kikomo cha kisheria cha Marekani mpaka leo, na katika miaka ya karibuni imefikia 1.5 kama kwa wengine. Karatasi imekwenda mbele, ila mabomba mengi bado hayajaifikia. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, wa shilingi bilioni 520 chini ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, lengo lake mojawapo lilikuwa kuishusha floraidi kwenye maji ya mji.

Lakini maji siyo njia pekee. Sogea jikoni. Mama anabandika maharage saa nne asubuhi. Ni magumu, kuni ni ghali, basi anatupia kipande cha magadi, lile jiwe la kijivu linalouzwa sokoni kwa mafungu. Mlenda nao hautavutika bila magadi, makande hayataiva upesi, na kiburu cha Wachaga hakikamiliki. Magadi yanayookotwa kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana. Watafiti wa meno wa Tanzania katika miaka ya 1990 walistaajabu kukuta watoto wenye meno yaliyoharibika kwenye vijiji ambavyo maji yake yalikuwa salama kabisa. Walipofuatilia walifika kwenye chungu. Kisha tazama chungu chenyewe: maharage yanachemka saa tatu, maji yanapungua, yanaongezwa, yanapungua tena. Mvuke unaotoka hauna floraidi. Yote inabaki mchuzini, na kila kata ya maji inaongeza nyingine. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi, hata wasomi, hawalijui: kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi hakuiondoi, kunaikoleza.

Na chai? Mmea wa chai hufyonza floraidi kutoka ardhini na kuihifadhi kwenye majani. Kwa vikombe vya kawaida sina wasiwasi nayo. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mwanamke wa miaka 47 aliyekuwa na mifupa iliyonenepa kwa floraidi; alikuwa akinywa kila siku jagi la chai ya mifuko 100 hadi 150, kwa miaka 17. Hata mhudumu wa kijiwe cha kahawa hafiki huko. Lakini chai iliyokolezwa kwa maji ambayo tayari yana miligramu 4 ni hesabu nyingine.

Anayehitaji kulindwa kabla ya wengine ni mtoto mchanga, na hapa kuna habari njema isiyosemwa vya kutosha kliniki. Maziwa ya mama hayapitishi floraidi ila kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya. Miezi sita ya kunyonya tu ni miezi sita ya kinga. Hatari inaingia na uji. Mtoto anapoanzishiwa uji wa lishe uliopikwa kwa maji ya kisima, mara tatu kwa siku, ndipo meno ya mbele yanapoharibiwa huku fizi bado haijaonyesha kitu. Kama nyumba ina ndoo moja tu ya maji mazuri kwa siku, basi ikae kando kwa ajili ya huyo.

Maji mazuri yatoke wapi? Mvua ndiyo jibu la kwanza, kwa kuwa haijagusa mwamba. Bati, mfereji na simtanki vinaweza kumlinda mtoto kuliko mitambo mingi. Ila kiangazi ni kirefu na tanki ni ghali, kwa hiyo Kituo cha Utafiti wa Kuondoa Floraidi cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji na mwendo mfupi kutoka Maji ya Chai, kimehangaika kwa miaka na njia nyingine. Maarufu zaidi ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500. Rangi ndiyo inayomwongoza mchomaji. Ikitoka nyeusi ni sawa. Ikiwa ya hudhurungi haijaiva, maji yatanuka. Ikiwa nyeupe imeungua kupita kiasi na nguvu yake imekwisha. Inapondwa ikawa kama chenga za mchele, inaoshwa, inajazwa kwenye ndoo yenye koki, na maji yanapitishwa humo.

Ukiifikiria ndoo hiyo utaona kemia ni ileile. Floraidi inatafuta kalsiamu ya mfupa, nasi tunaipa mfupa wa ng'ombe ili iache wa mtoto. Nakuru nako, mradi wa maji wa Jimbo Katoliki ulianzisha kiwanda cha mkaa huo na kuuza vichujio. Mnunuzi Mwislamu atauliza mfupa ni wa mnyama gani, na ana haki ya kujibiwa. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mkaa huchoka, na ukishachoka hakuna dalili. Maji yanatoka yakiwa maangavu vilevile, ladha vilevile, na floraidi yote imo. Bila mtu wa kupima na kubadilisha, ndoo inabaki pambo la kumtuliza mama. Miradi mingi ya vijijini hufia hapo, mfadhili akishaondoka na kipimo chake. Hata kichujio cha Profesa Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, kilichoshinda Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015, kinahitaji mtu wa kukihudumia.

Sasa turudi kwenye zile sauti za simu. Agosti 2024 taasisi ya serikali ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema, kwa uhakika wa wastani, kwamba maji yenye floraidi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita yanahusiana na akili ndogo kwa watoto. Mwaka 2025 majimbo ya Utah na Florida yakapiga marufuku kuongeza floraidi kwenye maji. Habari hizo zikavuka bahari na kufika kwetu zikiwa zimevuliwa namba. Maji ya miji ya Marekani huwekwa miligramu 0.7. Ripoti yenyewe ilisema haina ushahidi wa kutosha kuhusu kiwango hicho. Iliyozungumziwa ni 1.5 kwenda juu, yaani kisima cha Arumeru zaidi kuliko bomba la Chicago. Halafu mtu wa Dar es Salaam anatupa dawa ya meno ya mwanawe, huku jamaa yake wa Singida anachimba kisima kipya bila kukipima. Kila mmoja amechukua tahadhari ya mwenzake.

Kwa hiyo sisi hatuna sababu ya kuongeza floraidi kwenye maji, na hatuna sababu ya kuiogopa kwenye mswaki. Deni letu ni upimaji. Ukichimba kisima, au hata kama unakunywa cha jirani, chukua chupa ya plastiki ya lita moja. Isuuze mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze, andika jina la kisima na tarehe, uipeleke maabara ya ubora wa maji iliyo karibu nawe. Ukipewa karatasi ya majibu, usianze na mstari wa bakteria, maana hao wana dawa yao na sufuria inawatosha. Tafuta mstari wa floraidi. Ukikuta zaidi ya 1.5, uji wa mtoto upikwe kwa maji mengine kuanzia siku hiyo.